Mjeledi Usio na Mkono

Ndugu msomaji, wenzangu katika jarida hili wanakuandikia juu ya mapenzi, juu ya jiji, na juu ya vyeti visivyopata kazi. Mimi nakuletea kidudu. Tena ni kidogo kiasi kwamba ukivipanga hamsini kichwa kwa mkia, mstari wako hautazidi sana milimita moja. Nivumilie. Kidudu hiki kina kesi na ukoo wetu, na kesi hiyo haijasikilizwa hadi leo.

Nilikiona kwa mara ya kwanza chuoni, katika somo la vitendo. Mwalimu wa maabara alikata ncha ya mkia wa panya mweupe, akadondosha tone la damu juu ya kioo, akafunika, akasema, "Tazameni upesi kabla halijakauka." Tulikuwa sita kwa hadubini moja, na kama kawaida wenye viwiko vikali walitangulia. Zamu yangu ilipofika niliona kwanza chembechembe nyekundu za damu, zimetulia kama sahani zinazoelea kwenye beseni. Halafu sahani moja ikasukumwa. Ikasukumwa na nyingine. Katikati yake kulikuwa na kitu chembamba, kinang'aa pembeni, kinajinyonganyonga, kinapiga vikumbo huku na huku kama mtoto aliyetumwa dukani akapenya katikati ya watu siku ya mnada.

Kinaitwa tripanosoma. Jina hilo lilitolewa na David Gruby mwaka 1843, alipomkuta mmoja wa jamii hiyo katika damu ya chura. Aliliunda kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mwili wa keekee, ile ya seremala ya kutobolea mbao. Mwili mzima ni seli moja tu. Hakuna ubongo, hakuna jicho, hakuna tumbo. Kinachokiendesha ni uzi mmoja uliotokea upande wa nyuma, ukashonwa ubavuni kwa utando mwembamba hadi ukachomoza mbele. Wataalamu wanauita flajela, na asili ya neno hilo ni Kilatini: mjeledi. Ajabu yake ni kwamba wimbi la mjeledi huo huanzia kwenye ncha likarudi kwenye shina, kwa hiyo kidudu hiki huvutwa na mjeledi wake, hakisukumwi. Fimbo imetangulia, punda anafuata.

Nilitabasamu. Nakiri mbele yenu. Nilikiona kizuri, na laiti wenzangu wasingekuwa wananivuta shati ningekitazama mpaka kikauke. Ndipo nikakumbuka kwamba ndugu yake ndiye aliyemuua babu yangu.

Nasema ndugu yake kwa sababu huyu wa panya asingeniweza. Damu ya binadamu ina protini inayompasua ndani ya saa chache. Yule wa babu, anayeitwa rhodesiense, anafanana naye kama shilingi kwa shilingi, ila ana jeni moja la ziada linaloizuia protini hiyo isifanye kazi. Jeni moja, bwana. Huyu ni somo la vitendo, yule ni msiba.

Babu alikuwa mlina asali katika misitu ya miombo ya Urambo. Mimi sikumkuta, alifariki mwaka 1994, na haya nimeyapata kwa shangazi, kwa vipande, maana baba hapendi kuyasema. Alikuwa akienda porini majuma mawili, matatu, anachonga mizinga ya magome, analala kambini, anarudi na madebe. Mbung'o walimuuma miaka yote na hakuna aliyehesabu. Lakini mwaka ule alirudi na homa isiyosikia dawa ya malaria. Kichwa kikawa kinamgonga. Kisha ikaja hali iliyowatisha watu: mchana analala hata akiwa ameshika tonge, usiku macho makavu, anatembea uani, anaongea na watu wasiokuwepo, anafoka. Mzee aliyekuwa mpole kuliko wote akawa anatukana wakwe zake.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana wengi wetu tuliosoma huwa tunacheka mahali ambapo hapachekeshi. Majirani walikaa wakafikiri. Mtu anayesinzia mchana kutwa na asubuhi anaamka amechoka kama aliyelima, usiku alikuwa wapi? Bila shaka alikuwa analima. Kwa nani? Kwa mtu aliyemchukua msukule. Ukiutazama kama hoja, hauna kasoro: ushahidi upo, swali lipo, jibu limelingana na ushahidi. Kulikuwa na bibi mmoja jirani, mjane, macho mekundu kwa moshi wa kuni za miaka hamsini. Msimu uliopita alimwomba babu asali akanyimwa. Shamba lake, licha ya upweke wake, lilikuwa limepaliliwa vizuri. Nani alilipalilia?

Nyumba ya bibi yule ilichomwa usiku. Hakuuawa, na huko kwetu hilo lilihesabiwa kuwa huruma. Alitoka na kanga mbili na mjukuu, akaenda kwa kaka yake ng'ambo ya mto. Baba alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Hakuwasha moto. Alishika dumu la mafuta ya taa.

Siku tisa baadaye, babu alipokuwa hajitambui, shangazi aligombana na ukoo mzima mpaka akapelekwa hospitali. Walimtoa damu kidoleni, wakamtoa maji ya uti wa mgongo, wakatazama. Wakaona kile nilichokuja kukiona mimi. Malale, wakasema. Na malale si neno geni kule. Wazee wa Unyamwezi walikuwa nalo kabla sisi hatujazaliwa. Lilikuwepo siku zote, limetundikwa ukutani kama jembe, na hakuna aliyelishusha.

Msomaji, nisaidie kufikiri. Nani alimuua babu?

Tuanze na mshitakiwa wa kwanza. Lugha yetu yenyewe imekwisha kumhukumu. Tunasema homa imemshika, malale yamemshika, kifua kimembana. Ugonjwa kwa Kiswahili una mikono tangu asubuhi. Na kiumbe chochote chenye uhai tunakipa "a" ya mtu: mdudu anauma, mdudu anashambulia, mdudu ameingia ubongoni. Hata mimi, ukirudi juu, utaona nilianza kwa "kinapiga vikumbo", nikafika kwa "asingeniweza" bila kujitambua. Sarufi imenishitakia mtu ambaye si mtu.

Na mwenendo wake unatia kishawishi cha kumwita mtu. Mwili wake umevikwa koti la protini za aina moja, kama milioni kumi hivi, zimebanana. Kinga ya mwili wa mgonjwa ikishalijua koti hilo na kuanza kuwaangamiza, wachache wanakuwa wamekwisha badili. Hazina yao ya jeni za makoti inafikia kama elfu mbili, nyingi zikiwa vipande vya kuungaunga. Ndiyo maana homa ya malale huja na kuondoka, huja na kuondoka. Wengine hapo husema: mjanja huyu, mnafiki huyu! Lakini unafiki unahitaji mtu anayejua sura yake ya kweli. Huyu anabadili koti kwa bahati nasibu, na wengi wao hufa kwa kutobadili.

Rafiki yangu mmoja anayesoma falsafa alinibana kwa upande wa pili. Nilikuwa nimemweleza kwamba tripanosoma hawa wakishakuwa wengi katika damu hupeana ishara, na wengi wao hugeuka kuwa wafupi wanene wasiogawanyika tena. Hao wafupi kazi yao ni kungoja mbung'o awanyonye. Asipokuja katika siku chache, wanakufa. Kwa njia hiyo idadi haipandi ovyo na mgonjwa hafi mapema.

"Basi hapo una maadili," akasema. "Huo ni mhanga. Mtu anaacha kuzaa ili jamii iishi."

"Mtu yupi?"

"Huyo mdudu wako."

"Ukimpa sifa ya mhanga," nikamwambia, "itabidi umpe na jinai ya kuua. Huwezi kumvika taji halafu ukasema mahakamani hana akili."

Akanyamaza kidogo, akaniambia mimi ni mkaidi, akaagiza chai nyingine kwa hesabu yangu. Lakini nadhani nilikuwa na haki. Mjeledi ule hauna mkono ulioushika. Nao si mjeledi wa maangamizi peke yake, hilo nalo lisemwe. Chini ya hadubini kali zaidi, ukiukata ufito huo kama muwa, utakuta jozi tisa za mirija zimezunguka mirija miwili ya katikati. Mpango huo huo umo katika vinyweleo vinavyofagia makohozi kwenye koo lako unaposoma hapa. Umo katika mkia wa mbegu ya baba iliyonileta duniani. Babu naye, na yule bibi, na wote waliokuwepo usiku ule, kila mmoja alivutwa ama kusukumwa na mjeledi wa namna hiyo kabla hajawa mtu. Mchwa wanaokula mbao kavu za makabati yetu hawawezi kuzisaga bila vidudu vya mijeledi vilivyomo tumboni mwao. Kuuchukia mjeledi ni kuchukia maji kwa kuwa kuna aliyezama.

Kwa hiyo mshitakiwa wa kwanza namwachia huru. Hajui. Hawezi kujua. Simsamehe, maana kusamehe ni kwa mwenye kosa; naondoa tu shitaka.

Hii haina maana ya kumwacha aendelee. Kisiwani Unguja walimmaliza mbung'o mwaka 1997 bila kumtukana. Madume yalifugwa Tanga kwa mamilioni, yakapigwa mionzi yasiweze kutia mimba, yakaachiliwa angani, na majike ya porini, ambayo aghalabu hupandwa mara moja maishani, yakapoteza bahati yao. Mbung'o wakaisha, na nagana iliyokuwa ikiwaua ng'ombe wa watu ikaisha nao. Wapo wanaoniuliza kama tuna haki ya kufuta kiumbe mahali kilipoumbwa. Swali zuri, walijadili walioshiba. Mimi kwa mbung'o sina machozi. Kinachonivutia ni utulivu wa kazi yenyewe. Hakuna aliyechomewa nyumba.

Nageukia dawa. Baada ya maji ya uti wa mgongo kuonyesha kwamba vidudu vimefika kwenye ubongo, daktari alimwita baba akamweleza. Dawa ni moja tu, melarsoprol, iliyotolewa mwaka 1949. Ni aseniki. Imeyeyushwa katika kimiminika kinachoharibu bomba la sindano la plastiki, kwa hiyo huchomwa kwa bomba la kioo, na mgonjwa huhisi moto unapita kwenye mishipa. Bila dawa hiyo mgonjwa atakufa kwa hakika. Kwa dawa hiyo wengi hupona, ila kati ya wagonjwa ishirini, mmoja hivi huuawa na dawa yenyewe, na mahali pengine ni zaidi ya mmoja. Baba akatia saini. Siku ya sita babu alipata degedege, na jioni akafa.

Kwa miaka mingi baba aliamini kwamba yeye ndiye aliyemuua, kwa kalamu. Nilipokuwa mdogo nilidhani hapendi kuandika kwa sababu ya macho.

Hapo simwoni na hatia, na nimemwambia hivyo. Alijua hatari, alipima, alichagua mlango uliokuwa na mwanga kidogo. Daktari naye alitumia alichokuwa nacho. Lakini kwa nini alikuwa na hicho tu? Mwaka 1994, dawa ya 1949! Swali hili ndilo lililonikosesha usingizi, nami sina malale.

Aseniki ina historia ndefu katika ugonjwa huu. Robert Koch, bingwa wa Ujerumani mwenye tuzo ya Nobel, alipiga kambi katika visiwa vya Ssese, Uganda, mwaka 1906 na 1907, wakati malale ilipokuwa ikiwafagia watu wa pwani ya Ziwa Viktoria kwa laki. Alichoma watu dawa ya aseniki iitwayo atoxyl. Ilipoonekana haitoshi aliongeza kipimo, na zaidi ya wagonjwa ishirini wakapofuka moja kwa moja. Alikuwa na mkono, na mkono wake ulikuwa na macho. Sisemi alikuwa mwovu. Nasema kwake neno "hakujua" halikai vizuri kama linavyokaa kwa tripanosoma, kwa sababu kipimo hakikujiongeza chenyewe.

Na nyuma ya Koch kuna mikono mingine ambayo hata haikujua kwamba ni mikono. Sotoka ya ng'ombe iliingia Eritrea karibu na mwaka 1887, na wanahistoria wanaihusisha na ng'ombe walioletwa kulisha jeshi la Italia. Katika miaka michache ikashuka hadi kwetu na kusini zaidi, ikaua sehemu kubwa ya ng'ombe. Pasipo ng'ombe watu wakafa njaa au wakahama, mashamba yakarudi kuwa vichaka, na kichaka ni nyumba ya mbung'o. Walipokuja watawala wakakuta pori, wakasema hii ndiyo Afrika ya asili. Miaka ya 1920 na 1930 Waingereza wakawahamisha watu wa magharibi mwa Tanganyika kwa maelfu, wakawaweka katika makazi ya pamoja ili kuwaepusha na malale. Huenda waliokoa roho nyingi. Pia waliliachia pori nchi yote iliyobaki, na katika pori hilo babu yangu alitundika mizinga yake. Nani wa kushitakiwa hapo? Mfungaji kamba wa ng'ombe wa Massawa? Ukivuta uzi huu hautaisha, na mwisho wake utamshitaki Adamu.

Lakini uko mkono mmoja siwezi kuuachia kirahisi, nao ni ule ambao haukufanya kitu. Miaka ya 1970 na 1980 kiini cha dawa kiitwacho fexinidazole kilichunguzwa Ujerumani, kisha kikawekwa kando. Hakuna aliyekizika kwa ubaya. Wagonjwa wake walikuwa watu wa vijijini Afrika, na watu wa vijijini Afrika hawana fedha ya kurudisha gharama. Mwaka 2005 shirika lisilotafuta faida, DNDi, lililokuwa likipekua majalada ya dawa zilizotelekezwa, likakifukua. Mwaka 2018 kikakubaliwa kwa malale ya Afrika ya Kati na Magharibi, na baada ya majaribio Malawi na Uganda, mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likakipendekeza kwa malale ya kwetu, ile ya babu. Ni vidonge. Unameza siku kumi. Hakuna moto kwenye mishipa.

Kuna na kisa cha eflornithine, ambacho wengi wenu mmekisikia. Mwaka 1990 ilikubaliwa kutibu malale ya magharibi. Iliamsha watu waliokwisha kuagwa. Miaka michache baadaye utengenezaji wake kwa ajili ya malale ukaachwa, maana haukulipa. Mwaka 2000 dawa hiyo hiyo ikatokea madukani Marekani katika krimu ya kuzuia nywele za uso kwa wanawake. Kelele zikapigwa, na mwaka 2001 mtengenezaji akakubali kuitoa tena kwa wagonjwa. Niwe mkweli: dawa hiyo isingemfaa babu, kwani malale ya mashariki haiisikii. Nilipogundua hilo nilisikitika, na baada ya kusikitika nikajionea aibu. Nilikuwa nimekwisha kuandaa dumu langu la mafuta ya taa. Nilikuwa nataka sana mtu wa kumchomea nyumba.

Maana hiyo ndiyo shida yenyewe, ndugu msomaji. Sisi binadamu tukiuona mjeledi tunatafuta mkono, na tusipouona tunauweka. Majirani wa babu waliuweka kwa mjane. Mimi, kwa elimu yangu yote, nilikuwa tayari kuuweka kwa kampuni ambayo haikuwa na dawa ya babu. Hadubini haikunitibu ugonjwa huo.

Sasa narudi kwa baba, maana nimezunguka kote huku kwa kuogopa kufika kwake. Baba anapobanwa husema neno moja: "Hatukujua." Je, kutojua kwake ni sawa na kutojua kwa tripanosoma? Ikiwa namwachia huru kidudu kwa kuwa hajui, kwa nini nisimwachie baba?

Nimelipima swali hili muda mrefu na nadhani jibu liko katika tarehe. Usiku wa moto hakujua. Ningeweza kusema angeweza kujua: neno malale lilikuwepo, zahanati ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa baiskeli, shangazi alikuwa analia kwamba mzee apelekwe. Kiumbe chenye seli moja hakiwezi kuuliza; kijana wa miaka ishirini na miwili anaweza. Lakini kijana wa miaka hiyo, katikati ya wajomba wenye hasira, baba yake anaongea na mizimu uani... sijui mimi ningefanya nini, na asiyejua atakavyofanya asiwe mwepesi wa hukumu. Usiku ule namwachia nusu yake.

Ila siku tisa baadaye karatasi ya maabara ilisomwa. Toka hapo kila mtu katika ukoo wetu alijua. Walijua kwamba babu hakuwa analimishwa usiku. Walijua kwamba shamba la bibi yule lilipaliliwa na bibi yule. Naye alikuwa ng'ambo ya mto tu, si Ulaya. Hakuna aliyekwenda. Siku hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata, zaidi ya miaka ishirini na mitano hadi nakaa kwenye kiti cha maabara. Dawa ya wale wenye majalada na samahani ya watu wa kwetu zilikaa kabatini kwa namna moja: wenye nazo walijua ziliko, na kila asubuhi kulikuwa na kazi nyingine ya kufanya kwanza.

Nilikwenda nyumbani likizo ya mwezi wa sita. Jioni moja tulikuwa tunapukuchua mahindi, nikamweleza baba kile kidudu. Nilimchorea kwa kijiti mavumbini: mwili, utando, mjeledi. Alitazama muda mrefu.

"Kanakwenda wapi?" akauliza.

"Hakajui, baba. Kanapiga tu."

"Na nani anakatuma?"

"Hakuna."

Akaendelea kupukuchua. Magunzi matatu, manne. Halafu akasema, bila kunitazama, "Kwa hiyo yule mama hakuwa na kitu."

Nilitaka kumwambia kwamba hilo alilijua tangu 1994. Heshima ikanizuia, au woga. Kwetu ni vigumu kuvitenganisha. Nikamwambia, "Hakuwa na kitu, baba."

Bibi yule alikwisha kufariki. Shangazi aliniambia hata msiba wake hatukupeleka mtu. Yule mjukuu aliyetoka naye usiku ule sasa ni mama mtu mzima, anauza dagaa mnadani, na nikagundua kwa nini nyumbani kwetu, miaka yote, dagaa hununuliwa duka la mbali kwa bei ya juu.

"Nitakwenda kwake," baba akasema kulipokuwa giza. "Siku ya mnada nitakwenda."

Mnada ni Jumatano. Mimi nilikuwa na mtihani, niliondoka Jumatatu. Tumeongea kwa simu mara nyingi tangu hapo, juu ya mvua, juu ya ada, juu ya mguu wake unaomsumbua. Sijamuuliza, naye hajasema.